Pua Nyekundu ya Ndege K

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo, wiki nzima mapema kuliko ilivyotabiriwa, na mimi nimeanza daftari hili. Sababu ni moja: nimepewa kazi ambayo sitaki kusahau hatua yake hata moja.

Makumbusho ya vita ya mji wetu yanatimiza miaka ishirini na tano mwezi Mei. Yameiomba klabu yetu ya modeli itengeneze ndege moja tu, ile ya kivita iliyokuwa ikiruka kutoka kiwanja cha hapa hapa, ambayo kila mtu anaijua kwa herufi kubwa iliyochorwa ubavuni: K. Wanachama kumi na mmoja walinyoosha mikono. Mwenyekiti wetu, mpimaji ardhi mstaafu ambaye sote tunamwita Kamanda, alitutazama mmoja mmoja kana kwamba anatafuta jiwe la mpaka, kisha akasema, "Apewe Fundi Meno."

Fundi Meno ndiye mimi. Mchana natengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo nyuma ya kliniki. Jioni nagundisha ndege za plastiki ambazo mabawa yake hayazidi urefu wa rula. Klabuni mwanamke ni mimi peke yangu. Nilirudi nyumbani chini ya mwavuli nikiimba.

Mama mkwe alikuwa sebuleni na redio yake.

"Unamwimbia nani?" akaniuliza.

"Nimepewa ndege ya makumbusho, Mama."

"Mtu mzima na vidude," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Ana miaka mitatu nasi tangu afiwe na mumewe. Sikumbuki siku hata moja aliyokitazama kidude changu chochote.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Nimegundisha mabawa. Bawa la kushoto linakataa kukaa sawa, kama jino la mbele la mteja mbishi.

Jumatano, 6 Machi

Mtunza makumbusho ni mwanamume mpole ambaye nadhani hulala na glavu zake nyeupe. Leo amenipa nakala ya picha. Iko moja tu duniani inayoonyesha K vizuri, nayo ni ya nyeusi na nyeupe: ndege imeegeshwa kwenye nyasi, rubani amekaa juu ya bawa, miguu inaning'inia.

Watu hudhani kazi yetu ni kugundisha. Kugundisha ni robo. Kazi ni kujua. Mabaka ya mgongoni yalikuwa ya rangi gani, na yalipinda wapi? Kingo zake zilikuwa kali au zilififia? Tumbo lilikuwa la kijivu au la samawati? Hapo nina bahati, maana mabaka ya ndege za aina hii yanajulikana: kahawia na kijani juu, samawati iliyopauka chini. Alama ya taifa ubavuni nayo inajulikana: duara jekundu, kisha jeupe, kisha la buluu, na pete nyembamba ya njano kuzunguka yote. Namba ya mkiani inaishia na 417.

Na pua ni nyeusi tii, imekatwa kwa mstari ulionyooka nyuma ya injini. Chini ya picha kumeandikwa, "Ndege K na pua yake nyeusi maarufu." Vitabu vitatu maktabani vinasema hivyo hivyo. Nimenunua chupa ya rangi nyeusi, basi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeipaka pua asubuhi nikaiacha ndege ikauke juu ya meza ya chakula. Mama alikuja na kikombe chake cha chai, akavaa miwani, akainama.

"Nani kaipaka hii lami?"

"Mimi, Mama. Ndivyo ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa wapi? Pua ya K haikuwa nyeusi. Ilikuwa nyekundu."

"Mama, umejuaje?"

"Kwani aliyeipaka ni nani?"

Nilicheka. Naandika hapa kwa sababu nikianza kujificha kwenye daftari langu mwenyewe, nitasemea wapi ukweli? Sikucheka kwa ubaya. Nilicheka jinsi mtu anavyocheka mteja akimwambia jino la bandia linamuuma.

Mama aliweka kikombe mezani polepole, akaenda chumbani kwake. Chakula cha mchana hakuja kula.

Jumapili, 10 Machi

Wifi alikuja baada ya mvua ya asubuhi. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na huingia nyumbani kwetu kama anayekagua madaftari. Mume wangu akamsimulia habari ya pua nyekundu, akidhani ni kichekesho. Wifi hakucheka.

"Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye chai," akasema. "Juzi ameniita kwa jina la marehemu shangazi. Na leo eti alipaka ndege za vita? Kaka, Mama alifagia karakana ya jeshi. Alifagia! Sote tunajua."

"Uzee huo," mume wangu akasema.

"Siyo uzee tu. Anapotea. Nyumba ya wazee kule kilimani wana nafasi mwisho wa Mei. Wana wauguzi. Nimeshachukua fomu."

Mume wangu alinitazama. Nami nikatazama dirishani, mvua ikishuka. Tukakubaliana kusubiri msimu uishe.

Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi kidogo. Redio ilikuwa imezimwa.

Alhamisi, 14 Machi

Klabuni nilimweleza Kamanda, nusu kwa mzaha. Akagonga picha kwa kidole.

"Kumbukumbu inadanganya, Fundi. Picha haidanganyi."

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Mama ananisalimia kwa nusu mdomo.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya siku ile. Nilipotoka kazini nilibisha hodi chumbani kwake, nikaketi kwenye kiti cha chini, nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikucheka. Naomba unisimulie."

Alikunja blauzi mbili kwanza.

"Unataka kujua, au unataka kunipima kama yule daktari ambaye binti yangu alinipeleka kwake? Maana yeye ananiuliza leo siku gani."

"Nataka kujua."

Ndipo akasimulia. Alikuwa na miaka kumi na saba. Wapaka rangi wa karakana walikuwa wamepelekwa mbele, vitani, kwa hiyo msimamizi akachukua wasichana wawili waliokuwa wakifagia, yeye na mwenzake, akawapa brashi. Kwenye karatasi waliendelea kuandikwa wafagiaji, kwani sheria haikuruhusu wasichana kugusa ndege.

"Siku moja tulipoteza ndege mbili," akasema. "Hazikuangushwa na adui. Ziliangushwa na mizinga yetu wenyewe. Waliokuwa chini hawakuzitambua, mabaka yale yanaficha kweli kweli. Asubuhi yake akaja mkubwa mmoja, hana hata karatasi, akasema ndege sita zilizobaki zipakwe pua nyekundu kabla jua halijazama, ili wa chini wazijue. Rangi nyekundu hatuna. Msimamizi akaenda kuchukua ile ya gari la zimamoto."

"Ya zimamoto!"

"Makopo mawili. Kwa bomba la kupulizia ingemwagika nyingi hewani, kwa hiyo tulipaka kwa brashi. Mimi ubavu huu, mwenzangu ubavu ule. K ilikuwa ya mwisho, na kopo tulikuwa tunalikwangua."

"Na baadaye?"

Mama alinyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza niliona alivyokuwa mrefu.

"Baadaye hakuna hata moja kati ya zile sita iliyopigwa na watu wetu. Hata moja."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia watoto wake.

"Nilimwambia baba yao, akasema nisimtanie. Nikaona basi."

Jumatano, 20 Machi

Nimefuta rangi nyeusi kwenye pua. Imechukua saa mbili na vijiti vya pamba thelathini. Sasa ndege ina pua ya kijivu na mimi nina kazi mpya: kuthibitisha.

Jumamosi, 23 Machi

Maktaba. Hakuna kitu. Hati za karakana ziliungua, na amri ile ilikuwa ya mdomo.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeona! Nimeona, na nilikuwa nimelitazama wiki tatu bila kuliona.

Kazi yangu nusu yake ni vivuli. Jino halina rangi moja. Lina ukijivu, unjano, weupe wa maziwa, na ukikosea kivuli kimoja mteja akicheka harusini watu wote wanajua. Leo mchana nilikuwa nalinganisha jino, na picha ya K iko ukutani mbele yangu, jicho likatua kwenye alama ya taifa. Pete ya nje, ile ya njano, ambayo hakuna anayebishia kuwa ni ya njano, kwenye picha ni nyeusi. Na duara la buluu, ambalo lingepaswa kuwa na kiza, limepauka kama anga.

Nilikimbia maktaba na aproni yangu ya kazini. Kitabu cha wapiga picha wa zamani kinasema wazi: zilikuwepo filamu zisizoona nyekundu. Kwazo nyekundu ni giza tupu, njano nayo huzama, na buluu huja nyeupe-nyeupe. Picha ya K ilipigwa kwa filamu ya aina hiyo. Kamanda, picha yako inadanganya, na imedanganya vitabu vitatu!

Nilipomweleza Mama, alisema tu, "Kumbe hata kamera huzeeka macho."

Alhamisi, 4 Aprili

Kamanda alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa haki, akipimiwa vizuri hukubali. Aliweka lenzi yake juu ya pete ya njano, akaguna.

"Umenishinda hapo. Lakini umethibitisha nusu. Pua inaweza kuwa nyekundu. Inaweza kuwa ya njano. Na inaweza kuwa nyeusi vile vile, maana nyeusi huonekana nyeusi kwa filamu yoyote. Makumbusho hayawezi kubadilisha maandishi kwa 'inaweza'. Tunataka kitu cha kushika."

Nilitamani kumchukia. Nilishindwa, kwa sababu ana haki.

Mume wangu alikuwa mezani nilipomweleza Mama maneno hayo. "Kitu cha kushika," Mama akarudia, kana kwamba anayaonja.

Ijumaa hadi Jumapili, 5–7 Aprili

Mvua. Jumamosi, mvua. Jumapili, mvua, na wifi na fomu zake.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepaka mabaka. Mama aliketi karibu, akakosoa kingo. "Kali mno hizo. Bomba lilishikwa mbali kidogo, zikafifia." Nikarudia. Alikuwa sahihi; ukilinganisha na picha, kingo zinafifia hivyo hivyo. Kisha akaniuliza mara mbili kama tumeshakula. Tulikuwa tumekula. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, na nayaandika yote mawili.

Jumanne, 16 Aprili

Siku ndefu kuliko zote. Nitaiandika yote.

Saa nne asubuhi mume wangu alinipigia simu kazini. Sauti yake sikuitambua. "Mama hayupo." Kitanda kimetandikwa, koti la mvua halipo, mlango umerudishiwa vizuri. Nje mvua ilikuwa inapiga hadi mifereji inatapika barabarani.

Tuligawana. Mume wangu akashika barabara ya sokoni, mimi nikaenda kliniki, kwa majirani, kwa fundi redio wake, kila mahali. Viatu vyangu vilijaa maji, mwavuli ukapinduka, nikauacha pale pale. Wifi alifunga ofisi yake akaja, na tulipokutana kwenye kona ya maktaba alikuwa analia waziwazi, mwalimu mkuu yule.

"Nilisema!" akanipigia kelele. "Nilisema anapotea! Wewe na vidude vyako mmemjaza kichwa!"

Nilikuwa nimewaza neno hilo hilo tangu saa nne.

Saa nane kasoro simu ya mume wangu ikalia. Alikuwa fundi viatu, mpangaji wa nyumba ya zamani ya Mama, ile waliyojenga na marehemu upande wa pili wa mji.

"Nina mgeni wenu hapa," akasema. "Amekuja na teksi. Amekataa chai mpaka nifunue mkaa."

"Ufunue nini?"

"Mkaa. Njooni tu."

Tulimkuta uani, chini ya kipenu, ameketi kwenye kigoda cha fundi, koti limefungwa hadi kidevuni, mkavu kuliko sisi sote. Mbele yake palikuwa na bati lenye mpindo, refu kama mlango wa kabati, limepakwa rangi nyeupe ya nyumba. Kwa miaka mingi lilikuwa limefunika pipa la mkaa lisinyeshewe.

Wifi alimrukia, akamkumbatia, akamgombeza, vyote kwa pamoja. "Mama! Ungekufa kwenye mvua hii!"

"Ningekufa na akili zangu," Mama akajibu. "Nimechoka kubishiwa. Mlitaka kitu cha kushika. Shikeni."

Akanionyesha kwa kidole, mimi, si wanawe. Niliinama nikaligusa. Halikuwa bati. Lilikuwa jepesi mno, aluminiamu, na pembeni lina matundu yaliyopangwa kwa usawa ambao hakuna fundi bati anaoupata.

"Kifuniko cha injini," Mama akasema. "Cha kulia. Vita vilipoisha walizikatakata zote. Msimamizi akatuambia kila mtu achukue kipande kimoja. Wenzangu walichukua matairi. Marehemu baba yenu akakipaka nyeupe, ati kifanane na nyumba, akafunikia pipa."

Mume wangu na fundi viatu walikigeuza. Ndani kumejaa vumbi jeusi. Nikafuta kwa leso yangu, nikafuta tena kwa maji ya mvua. Herufi na tarakimu zilianza kutoka moja moja, zimeandikwa kwa mkono kwa rangi ya kijani, jinsi mafundi walivyokuwa wakiandika kila kifuniko ili kisichanganywe na cha ndege nyingine.

K. 417.

Mvua ilikuwa inapiga kipenu. Mume wangu, ambaye sijamwona akilia hata siku ya mazishi ya baba yake, alichuchumaa mbele ya kigoda, akashika magoti ya mama yake.

"Mama, ulikuwa unasema kweli."

"Mwanangu, mimi nasahau chumvi," Mama akasema. "Sisahau ndege."

Fundi viatu tumemwahidi bati jipya kabisa. Amesema lile la zamani lilikuwa zuri zaidi.

Jumatano, 17 Aprili

Mama amelala mpaka saa tano. Mafua kidogo. Wifi amelala hapa, kwenye kochi, na hajataja fomu.

Alhamisi, 18 Aprili

Kwa pamba na dawa nilifuta sehemu ndogo ya nyeupe, ukubwa wa ukucha. Chini yake: nyekundu! Nilimpigia Kamanda papo hapo nikipiga kelele.

Akasema, "Fundi, nafurahi. Lakini praima nyingi za chuma zilikuwa nyekundu nyekundu, rangi ya kutu. Huenda umeona rangi ya msingi tu. Kama nyekundu iko chini ya mabaka, ni praima. Ikiwa juu ya mabaka, ni alama. Jumamosi nakuja na lenzi."

Nimekata simu, nikakifunika kifuniko kwa taulo.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi, maabara. Walikuwepo Mama kwenye kiti cha wateja, mume wangu, wifi amesimama karibu na mlango kama anayesubiri matokeo ya mtihani, mtunza makumbusho na glavu zake, na Kamanda katika suti, ndiyo, suti.

Nilichukua mashine yangu ya kusagia meno, nikaweka kijiwe laini kuliko vyote, kile cha kusugulia jino lisipate mkwaruzo. Kazi ilikuwa kuchimba ngazi: kila rangi niiache ionekane kidogo kabla sijaingia ya chini yake. Mkono ukiteleza nywele moja, ngazi imeharibika. Nimefanya hivi kwenye meno miaka ishirini. Leo nilisikia moyo wangu ndani ya vidole.

Nyeupe ikaondoka. Nyekundu ikatoka, kali, ya kung'aa, haina kutu hata chembe, na ndani yake mistari myembamba sambamba.

"Mistari ya nini hiyo?" mtunza makumbusho akauliza.

"Brashi," Mama akajibu kutoka kwenye kiti, bila kusogea.

Nikaendelea. Mashine inalia kama mbu. Ilikuwa lazima niondoe nyekundu nijue chini yake kuna nini, na kama ni aluminiamu tupu, basi Kamanda yuko sahihi na Mama amekosea, na fomu ziko kwenye mkoba wa wifi. Nikasugua mara moja, nikapuliza vumbi. Mara ya pili, nikapuliza.

Kahawia.

Nikasogea upana wa kidole, nikachimba tena. Nyekundu, kisha kijani. Chini yake rangi ya msingi ya kijivu, na chini yake kabisa aluminiamu, inang'aa kama jino jipya.

Nilizima mashine. Kamanda aliinama na lenzi yake akakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba wifi alikohoa. Alipoinuka, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Aluminiamu. Praima. Mabaka. Na nyekundu juu ya mabaka," akasema. "Ni alama. Ilipakwa mwisho, kwa brashi, kwa haraka."

Kisha akavua kofia, akasimama wima mbele ya kiti cha wateja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nimepima ardhi miaka thelathini na minne, na nimewaambia watu wengi kwamba picha haidanganyi. Nakuomba radhi."

Mama alimtazama kutoka viatu mpaka kipara.

"Radhi unayo. Mmemaliza kunichokonoa meno? Nataka kwenda nyumbani."

Tulicheka mpaka daktari wa kliniki akachungulia mlangoni. Aliyecheka sana kuliko wote alikuwa wifi, huku analia, na alimshika Mama mkono mpaka nyumbani.

Jumapili, 21 Aprili

Jua! Saa tatu nzima za jua.

Jumamosi, 27 Aprili

Kuchanganya nyekundu. Nilileta kipande na chupa sita. Nilidhani nitalinganisha kwa jicho langu, jicho linalolipwa kwa kulinganisha. Mama akasema, "Chungwa zaidi." Nikaongeza. "Sasa umepitiliza." Nilipodondosha tone la mwisho kwenye kipande, tone likapotea. Halikuonekana kabisa lilipoishia.

Pua ameipaka yeye. Alikwangua brashi mdomoni mwa chupa, kisha akapaka bila kuinua macho.

Jumapili, 5 Mei

Wifi amekuja bila fomu. Amekuja na daftari. Aliketi kwenye kile kiti cha chini, akasema, "Mama, anzia mwanzo." Wamekaa humo mpaka chai ya jioni. Kwenye chai ya jioni Mama alitia chumvi. Wifi aliinywa yote.

Tumekubaliana sote: Mama habanduki hapa. Wifi atakuja kukaa naye mchana wakati wa likizo, na siku nyingine tutapanga zamu. Nilikuwa namwona wifi kama mkaguzi. Sasa naona alikuwa mtoto anayeogopa, na kila mtu huogopa kwa namna yake.

Ijumaa, 10 Mei

Mtunza makumbusho hakulala raha tangu siku ile ya maabara, akaenda kutafuta negativi yenyewe, filamu ile iliyotumika kuchapia picha. Ameipata. Kumbe aliyechapa zamani alikata ukingo wa kushoto ili rubani akae katikati.

Alituletea picha nzima nyumbani. Pale ukingoni, nyuma ya bawa, amesimama msichana mwenye ovaroli iliyomzidi, kitambaa kichwani, kopo mkononi.

"Mama!" mume wangu akasema. "Ni wewe!"

Mama aliishika picha, akaisogeza karibu, kisha mbali.

"Siyo mimi," akasema. "Huyu ni mwenzangu. Tazama anavyoshika kopo, kwa mkono wa kushoto. Mimi niko upande wa pili wa ndege. Hamnioni. Nilikuwa bado napaka."

Yule mwenzake alifariki kabla mimi sijaolewa. Mama aliomba abaki na picha. Sasa iko mezani kwake, imeegemezwa kwenye redio.

Jumatatu, 20 Mei

Herufi K imekaa. Alama zimekaa. Mvua imekatika siku nne mfululizo, na nguo zimekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumamosi, 25 Mei

Anga safi kabisa. Ukumbi wa makumbusho ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi.

Ndege iko katikati, ndani ya kioo, na pua yake inaonekana kutoka mlangoni. Pembeni yake kimewekwa kile kifuniko cha injini, nyeupe ya marehemu ikiwa bado juu yake, na ile ngazi yangu ndogo ya rangi chini ya lenzi. Kamanda alijiteua mlinzi. Kila mgeni aliyesogea alimwambia, "Nyekundu. Si nyeusi. Uliza kwa nini," na asiyeuliza aliambiwa hata hivyo.

Chini ya picha nzima kuna kibao kipya. Wiki iliyopita mtunza makumbusho alikuja kuuliza kiandikwe nini, na Mama alimpa masharti mawili: majina yawe mawili, na la mwenzake litangulie. Alitaja jina lake mwenyewe kwa ukamilifu, majina matatu, lile alilokuwa nalo kabla hajawa mke wa mtu na mama wa mtu. Nimeolewa katika nyumba hii miaka kumi na tisa na nilikuwa sijawahi kulisikia.

Leo alilisoma kwa sauti. La mwenzake kwanza. Kisha lake. Kisha akawaambia watu, bila karatasi, jinsi walivyolikwangua kopo, na jinsi zile ndege sita zilivyorudi. Makofi yalipoanza, Mama alinitafuta kwa macho katika umati, akaninyooshea mkono, nikaenda nikasimama pembeni yake.

Tulipokuwa tunatoka, mtunza makumbusho alimsogezea kitabu kipya cha wageni, atie sahihi awe wa kwanza. Kina nafasi tatu: jina, mahali, kazi. Mama aliandika jina. Aliandika mahali. Kwenye kazi alisita, kalamu imeinuliwa, nasi wote nyuma yake, mume wangu, wifi, Kamanda na suti yake, tukichungulia begani mwake.

Akainama, akaandika kwa herufi kubwa, kubwa mno, zikavuka mstari: MPAKA RANGI WA NDEGE ZA KIVITA.